Pini Iliyolala

"Sukuma tu, shoga. Mlango mgumu husukumwa," alisema fundi cherehani, kidevu chake kikikaribia kuingia ndani ya kompyuta.

"Kinachokataa ukikisukuma, unakivunja." Mama Nyaya, ndivyo mtaa ulivyomwita kwa nyaya zilizojaa kibandani kwake, alikizungusha kichwa cha waya kidoleni.

Kompyuta ilikuwa ya huyo fundi cherehani, shoga yake. Kasha la zamani lilikuwa limeliwa na kutu, na ndani ya mashine mlikuwa na michoro yake yote ya kukata sare, kazi ya maisha. Kasha jipya ambamo mashine ilikuwa ikihamishiwa lilikuwa na matundu ya USB mbele, na waya yake ndiyo hiyo iliyogoma kuingia kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Aliyataka sana matundu hayo, maana mgongo haukumruhusu tena kuinama nyuma ya meza kila akichomeka flashi.

"Halafu," alilalamika fundi cherehani, "kasha limeandikwa USB tatu nukta mbili, waya tatu nukta moja, ubao tatu nukta sifuri. Umeniletea vitu visivyojuana."

"Vinajuana. Mtoto ana jina la nyumbani, la shule, na lile analoitwa na bibi yake. Yaite yote, atakuja mmoja. Hivi vyote ni kizazi cha kwanza, mwendo uleule. Cha kuangalia ni umbo. Hapa kwenye ubao pana pini kumi na tisa, na kona moja imeachwa tupu ili usikigeuze kichwa."

Alieleza kwa utulivu, lakini mkono wa kulia haukuwa na utulivu wowote. Mwezi uliopita mkono huo ulimharibia mteja ubao. Aliyejua ni mumewe tu, na mbele yake alijiapiza: ukiharibika mwingine, kibanda kinafungwa.

Akalenga. Mkono ukaruka, kichwa kikaingia upande. Alipokichomoa, pini moja ya pembeni ilikuwa imelalia jirani yake.

Akaifunika kwa kiganja.

"Nini?"

"Mwanga mdogo."

"Na jua lote hili? Hebu toa mkono."

Akautoa. "Imelala. Kuinyanyua ni mara moja tu. Ikikatika, ubao ndiyo basi."

"Si uinyanyue?"

"Mkono wangu unatetemeka."

Fundi cherehani aliutazama mkono huo. "Najua. Tangu masika unajaza chai kwenye kisahani."

"Na hukuniuliza?"

"Ungenidanganya, halafu ningelazimika kukuamini."

Akavuta kigoda, akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu, kama anavyowashika wanafunzi wake wapya mbele ya sindano. "Huku nimeshika mimi. Wewe shughulika na vidole."

Mama Nyaya alichukua kalamu ya risasi ya kubonyeza, isiyo na risasi ndani. Bomba la ncha yake lilitosha kuimeza pini. Akaivisha, akainua taratibu. Pini iligoma, ikalegea, ikasimama, imepinda kidogo kama mtu aliyetoka usingizini.

Safari hii kichwa kilizama chote. Wakawasha. Mama Nyaya akachomeka flashi mbele, haikuingia. Akaigeuza, haikuingia.

"Irudishe ulivyoanza," alisema fundi cherehani. "Hizi zina dharau."

Ikaingia.

Taa yake, ile ya kuonyesha kwamba inasomeka, haikuwaka. Waliikodolea macho, feni ikivuma, na fundi cherehani bado hajauachia mkono wa shoga yake. Kisha nukta ya kijani ikapepesa, ikazima, ikapepesa tena.