Bata wa Nne

Mzungu alipofunga virago baada ya uhuru, Theuri wa Wamagana alinunua bunduki yake kuukuu, yenye mitutu miwili iliyolala sambamba, kongwe kuliko yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo hakwenda bwawani bila rafiki yake Shariff wa Majengo. Theuri hupiga, Shariff huingia majini na kisu. Hapo ni mbio: bata lazima akutwe angali hai, achinjwe kwa bismillahi, la sivyo Waislamu wa Majengo hawamgusi. Aliyekufa kwa marisau, zile chembe za risasi, huwa wa Theuri.

Jumamosi hiyo wakwe wa Subira, binti wa Shariff, walikuwa wanakuja kutoka Nanyuki, watu wanane, na baba mtu kwa kupenda sifa alikuwa amewaahidi bata mwitu. Mtu mzima hovyo! Angeahidi mbuzi, nani angemlaumu?

Watatu aliwawahi vizuri. Wa nne aliangukia katikati ya matete. Shariff alipomfikia, tope hadi kiunoni, shingo ilikuwa imelegea. Akakata hata hivyo. Damu ilitoka kidogo, bila nguvu, na mguu haukutikisika.

"Theuri, huyu amekufa."

"Si umekata?" Theuri alikuwa ukingoni, ameikunja bunduki kuifungua, akitoa maganda ya risasi. "Ati watu nane, bata tatu? Hiyo ni aibu, mzee. Weka kwa gunia twende."

Akaweka.

Mkewe Zuena aliwapika wote katika sufuria moja. Mara tatu Shariff aliingia jikoni kumwambia, na mara tatu akaishia kuuliza kama chumvi imekolea. Aliona haya, na haya ikamfunga mdomo.

Sinia lilipotengwa, baba mkwe alisita. "Hawa ni wa bunduki, sivyo?"

Maalim, mzee wa msikiti aliyealikwa kuwapokea wageni, akacheka. "Kula, bwana. Miaka sita tunakula kwa kisu cha Shariff. Hapa hatuulizi."

Wageni wakacheka pia, wakanyoosha mikono. Shariff aliona kipande kikipanda kuelekea kinywa cha Maalim.

"Msile!"

Akawaeleza yote, matete, shingo, gunia. Zuena alijifunika uso kwa kanga. Baba mkwe alirudisha nyama siniani, akajifuta vidole kimoja kimoja. Shariff alingoja matusi, yangemfaa. Lakini Maalim aliuliza kwa upole tu.

"Na wale wa Ramadhani, Shariff?"

"Walikuwa hai, Maalim. Wallahi."

"Na wa Idi? Wa arusi ya mwanangu?"

"Hai, wote!"

Ilikuwa kweli tupu, lakini Maalim alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole karamu zote za miaka sita.