Gurudumu Lililosimama

Kata. Kata. Kata-kata. Chuma kiliuma chuma, kikaachia, kikauma tena. Martti Lahikainen alisimama katikati ya weupe uliomeza kila kitu, akageuza sikio upande ule. Upepo wa Ziwa Superior ulikuwa umeamka tangu alfajiri na kuinyanyua theluji iliyokwisha kulala, na sasa hapakuwa na mti, wala barabara, wala karakana. Ulikuwapo mlio ule tu. Akaufuata hatua kwa hatua kama mtu anayevuta kamba gizani, mpaka paji lake la uso likagonga mlango.

"Ingia upesi, usije ukaniletea ziwa lote ndani," sauti ya shangazi yake ilisema.

Impi, dada wa baba yake, alikuwa na miaka sabini na mmoja, na hapakuwa na lori katika rasi nzima ya Keweenaw ambalo hakuwahi kulifungua matumbo. Mezani mbele yake palikuwa na difu tatu, zile gia za ekseli zinazogawa nguvu ya injini kati ya magurudumu mawili ya nyuma, kila moja imelazwa juu ya gazeti lake. Ya katikati ndiyo iliyokuwa ikilia kila alipoizungusha kwa mkono. Aliendelea kuizungusha huku akimsukumia Martti kikombe cha kahawa na kipande cha mkate wa iliki.

Martti alikuwa amekuja na jibu lake kichwani. Tangu Jumanne hakuwa amefikiria kitu kingine.

Baba yake, mzee Oskar, aliishi peke yake juu kabisa ya barabara ya zamani ya mgodi wa shaba, katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Figo zilimkataa miaka miwili iliyopita. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ilibidi ateremke mjini kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na wa kuifungua ile barabara alikuwa Martti tu na lori lake lenye bapa la kusukumia theluji. Jumanne lori lilikwama katikati ya mlima. Gurudumu la kushoto lilizunguka likipiga mayowe juu ya barafu. La kulia lilisimama tuli, kama mgeni asiyehusika na ugomvi wa nyumba. Martti alishuka akalipiga teke lile la kulia, akalitukana. Huko juu mzee alikaa na kofia yake kichwani akingoja, mchana ukapita. Jioni Martti aliliachia lori lirudi nyuma taratibu hadi chini, akalipeleka karakanani kwa shangazi. Jumatano walimteremsha kwa pikipiki ya theluji, amelazwa kwenye sleji iliyovutwa nyuma yake, uso umevimba, pumzi inakatika.

Lempi, dada yake Martti, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba ikitokea tena, hata mara moja, baba anahamia nyumba ya wazee mjini, na chumba amekwisha kukiona. Mzee Oskar aliuliza swali moja: je, kule wana sauna? Bafu la mvuke hawakuwa nalo. Akageukia ukuta.

Leo ilikuwa Alhamisi, mzee bado yuko mjini kwenye mashine, na jioni angerudishwa nyumbani kwake kwa pikipiki ya theluji. Jumamosi ilikuwa inakuja.

"Hiyo ya katikati," Martti alisema. "Inafunga magurudumu yote mawili, sivyo? Yanazunguka pamoja, yawe barafuni, yawe wapi."

"Inafunga."

"Kwa kupanda mlima, ipo inayoishinda?"

"Kwa kupanda, hakuna."

"Basi nifungie hiyo."

Impi alimtazama kama anayetazama boliti iliyoingizwa kichwachini. "Una haraka kama mtu aliyekalia jiko la sauna," alisema. Akachukua ufagio, akavaa koti. Upepo ulikuwa umeanza kuchoka. Akamwambia awashe pikipiki ya theluji, ampeleke pale alipokwama.

Njiani Martti alinung'unika kimoyomoyo. Alikuwa amemaliza miaka kumi na mmoja akiendesha katika mlima ule. Ni nini angeonyeshwa na ufagio? Lakini shangazi alishuka, akahesabu hatua kutoka kwenye mti wa mbetula uliopinda, akaanza kufagia. Theluji mpya ilikuwa nyepesi kama majivu, ikatoka. Chini yake barafu ya Jumanne ilikuwa bado imekaa, ngumu, ya rangi ya buluu.

Kwanza ulijitokeza mtaro wa gurudumu la kushoto. Lilikuwa limechimba shimo mpaka kwenye kokoto, barafu imeyeyuka na kuganda tena kwa mabonge. Martti alikunja uso, hicho alikijua. Shangazi akahamia upande wa kulia, ambako barabara ilipakana na korongo, akafagia polepole, mwisho akainama na kupuliza kwa mdomo.

Pale palikuwa na alama ya gurudumu la kulia. Kila pingili ya mnyororo wa tairi ilikuwa imechapwa barafuni, safi, bila kuvutwa wala kuchafuka, kama muhuri katika nta. Impi alivua glovu yake akailaza kati ya alama ile na ukingo wa barabara. Haikuenea. Vidole vya glovu vilining'inia hewani, na chini ya vidole vile palikuwa na shimo la mgodi wa zamani, jeusi, ambalo theluji ya miaka mia ilikuwa haijaweza kulijaza.

Martti alipiga magoti.

"Gurudumu linalozunguka bure limelegea kila upande," shangazi alisema. "Haliendi mbele, na ubavuni halishiki. Lililosimama ndilo linaloshika. Sasa weka hapa ile difu yako ya katikati, yote mawili yazunguke. Mkia wa lori ungekwenda wapi?"

Martti alikuwa akitazama jinsi barabara ilivyolala. Wachimbaji wa zamani waliiinamisha makusudi kuelekea korongoni ili maji yanayovuja mgodini yavuke na kuanguka, na maji yale ndiyo yaliyoganda na kuwa kioo. Hilo alilijua tangu utotoni, kila mtu alilijua. Lakini miaka kumi na mmoja alikuwa ametazama mbele tu, kileleni, kama kwamba mlima una upande mmoja. Siku ile gurudumu alilolipiga teke lilikuwa limebeba lori zima, bapa na yeye mwenyewe, bila kutikisika, bila kulia, huku lenzake likipiga mayowe yote. Alivua glovu akaigusa ile alama kwa ncha za vidole, pingili moja baada ya nyingine. Baridi ilimpanda mpaka begani na hakuondoa mkono. Msitu ulikuwa kimya kabisa. Aliwahi kuingia kanisani mara nyingi asiusikie ukimya kama ule.

Walirudi karakanani. Mezani Martti alizitazama upya zile difu tatu. Ya kwanza ilikuwa na sahani zinazosuguana, zikigawa nguvu kidogo kidogo. Nzuri, shangazi alisema, ila juu ya kioo kama kile itatoa nguvu ya kufikishia nusu ya mlima. Ya tatu ilikuwa difu ya kawaida mpaka dereva abonyeze kitufe. Pampu ndogo ya upepo husukuma, magurudumu yakafungwa pamoja. Akiachia, kila moja linarudia uhuru wake.

"Hii haina akili hata chembe," Impi alisema. "Inategemea yako. Ndiyo maana sikukushauri mapema."

"Wewe ungechagua ipi, shangazi?"

"Mimi sipandi ule mlima. Chagua."

Aliinyanyua ya tatu kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani kama anayempokea mtoto. Wakaifunga siku ile na siku ya pili. Kabla jua la Ijumaa halijazama alikwenda kwa miguu kufunga kitambaa chekundu kwenye mbetula pale barabara inapoanza kuinama, na kingine pale inapomalizikia.

Jumamosi kulipopambazuka theluji ilikuwa inafika kiunoni na nyingine inashuka. Martti alishusha bapa akaanza kupanda. Kwenye sehemu iliyonyooka alibonyeza. Chini ya kiti kulisikika pumzi fupi, fyuu, kisha mlio mmoja mzito, na lori lote likawa kitu kimoja. Magurudumu mawili yaliuma kwa pamoja. Theluji ilijikunja mbele ya bapa kama wimbi, ikapaa, ikamwagika ubavuni, na lori lile la zamani likapanda bila hata kukohoa. Martti alijikuta amefungua mdomo. Furaha ilimpanda kichwani kama mvuke wa mawe ya sauna.

Kitambaa chekundu kikatokea. Akaachia kitufe.

Mita thelathini mbele gurudumu la kushoto likaanza mayowe yake. Lori likasimama. Dole gumba lilikuwa juu ya kitufe, na juu pale, nyuma ya miti, aliuona moshi wa nyumba ya baba yake. Saa ilikuwa inakwenda. Bonyeza tu, dole lilisema, mara moja. Akaangalia kioo cha pembeni, upande wa kulia. Gurudumu lile lilikuwa limesimama tuli, likimngoja.

Aliondoa mkono. Akaliachia lori lirudi nyuma taratibu mpaka penye sehemu iliyonyooka, akashuka na ndoo mbili za majivu ya jiko la sauna, ambayo kila nyumba ya huku huyaweka kwa ajili ya barafu, na ambayo yeye kwa kiburi cha lori lake alikuwa ameacha kuyabeba mpaka asubuhi hii. Aliyamwaga juu ya kioo cha yale maji ya mgodi, akarudi tena kwa ndoo ya tatu na ya nne. Akainua bapa kidogo, akapunguza mwendo. Gurudumu la kushoto lililia mara moja, likanyamaza, likashika. La kulia likaanza kutembea, pingili kwa pingili, kando ya shimo lile jeusi. Kitambaa cha pili kikapita.

Mzee Oskar alikuwa barazani, kofia kichwani. Alizitazama nyayo za lori thelujini, mbili, sawasawa, akapanda lorini bila msaada.

Mjini Lempi alikuwa mlangoni pa zahanati, amevaa koti lakini hajalifunga. Aliangalia saa yake. Zilikuwa zimebaki dakika nne kabla ya zamu ya mzee kwenye mashine. Muuguzi alipomwingiza baba ndani, alimgeukia kaka yake na kusema kwa sauti ya chini kwamba leo ni leo, majira haya ya baridi yamebakiza miezi mitatu, na mlima ni ule ule.

Martti alimweleza habari ya kitufe na vitambaa viwili, akanyoosha kiganja chake, bado kimejaa majivu, akautazama ule mkono uliotaka kubonyeza.

"Sikwambii sitakwama," alisema. "Nakuahidi hivi, dada. Siku mkono huu utakapobonyeza kitufe kati ya vile vitambaa viwili, nitamleta baba kwenye ile nyumba ya wazee mimi mwenyewe, na funguo za lori nitakuwekea mkononi."