Tovuti ya Marehemu Kabemba

Mama Tshiamala alifika Kolwezi kutoka Mwene-Ditu na blanketi jipya la mwanawe Gael. Huguette alipomfungulia mlango na kusikia blanketi ni la nani, alimwomba alitaje jina mara ya pili. Gael alitolewa maiti kwenye shimo la madini lililoporomoka, Huguette akishuhudia kwa macho yake. Tena yeye ndiye aliyeandika jina lake kati ya waliokufa, kwenye tovuti aliyoianzisha na mumewe Kabemba ili familia za mbali zipate habari za wachimbaji wao. Kwao Gael walikwisha kumlilia. Sasa tovuti ileile ilikuwa inasema yu hai, amelazwa, watume pesa za dawa, na mama mtu alikuwa ametuma.

Huguette akajaribu kuingia kwenye tovuti, ikamkataa. Kampuni ya ng'ambo inayosajili majina ya tovuti ikamjibu kwamba jina hilo limehamishiwa kwa mtu mwingine, kwa idhini iliyotoka kwenye simu ya Kabemba. Na Kabemba alikuwa kaburini tangu kiangazi.

Hapo akaelewa, akajilaumu vibaya. Matanga yalipokwisha, ndugu walikaa kugawana vitu vya marehemu, na mjane hagusi kitu kabla hakijagawiwa. Wakwe hao waligombea hata mikanda, lakini nani alijiuliza ndani ya simu mna nini? Simu ikaenda kwa mdogo wake Kabemba, Mechack, laini yake ndani na barua pepe wazi. Jina la tovuti halikuwa limefungwa lisihamishwe. Machoni pa kampuni, aliyeishika simu ndiye aliyekuwa Kabemba.

Mechack, alipoulizwa, alisema simu ilitumbukia majini. Kuuza urithi wa kaka yako ni aibu ambayo ukoo ule hausamehe, na alijua. Huguette hakumgombeza, akamweleza tu habari za yule mama na blanketi lake. Mechack akainamisha kichwa.

"Shemeji, niliiuzisha kule Fungurume," akasema. "Sikujua kama bitu bya yaya Kabemba biko mu ndani."

Akayaandika hayo mbele ya wazee wa ukoo, akatia sahihi, nao wakamsema mpaka akatamani ardhi immeze. Karatasi yake ikatumwa kwa kampuni pamoja na cheti cha kifo.

Majibu yalichelewa. Mama Tshiamala alikuwa bado kwa Huguette. Ukweli aliambiwa tangu jioni ya kwanza, akasema amesikia, na kesho yake akakunja blanketi akaenda kumtafuta mwanawe kwenye kliniki. Akawa anafanya hivyo kila siku, na Huguette hakuwa na moyo wa kumzuia.

Hatimaye jina likarudishwa. Huguette akalifunga lisihamishwe tena, idhini zote zije kwenye simu yake mwenyewe, kisha akaufungua ukurasa wa Gael. Mama Tshiamala alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mama Huguette, bale bezi banasema mutoto wangu iko muzima," akasema polepole. "Ni weye tu unasema alikufa."

Huguette alilia bila kujificha. Lakini kulikuwa na akina mama wengine waliokuwa wakisoma uongo kama huo kwenye tovuti na kutuma pesa. Akaandika kwamba Gael amekufa, mama yake akitazama.