Simu Iliyopandishwa Mlimani

Leonidasi alikuwa anahema, viatu vyake vya mjini vimejaa vumbi jekundu, na fedha zangu bado zilikuwa mfukoni mwangu. Nilimwambia dukani kwake na nikarudia njiani: simu yake siilipii mpaka isimame kwenye ardhi yangu na kuonyesha inachoweza. Sasa tulikuwa juu ya mlima, nyuma ya migomba yangu, kijijini Kanazi: mimi, yeye, mama yangu Deodata tuliyempandisha polepole, na jirani yetu Anastazi aliyekuja kuwa shahidi.

Kwetu ng'ombe hununuliwa hivyo. Muuzaji humsindikiza mnyama mpaka zizini kwa mnunuzi, na akinywa maji na kula majani mbele ya shahidi, ndipo fedha zinatoka na pombe ya ndizi inamiminwa. Fahali niliyemuuza ili ninunue simu aliondoka kwa utaratibu huohuo. Sikuona kwa nini kidude cha kioo kipate heshima kuliko fahali.

Kusema kweli, kosa lililonifanya nihitaji simu lilikuwa langu. Mwaka mmoja kabla ya hapo niliingia mkenge wa ofa: simu ya kulipa kidogo kidogo, iliyofungwa isipokee laini nyingine ila ya kampuni iliyoiuza. Nikauza simu yangu ya zamani, na laini yake mama akaihifadhi kwenye kopo la rozari. Nilijiona mjanja kweli. Namba ya laini ile ndiyo pekee ambayo mdogo wangu Joan aliijua kwa kichwa.

Joan aliolewa na Niyomugabo, kijana wa Kirundi aliyekulia kambini Lukole. Wakimbizi waliporudishwa kwao, naye akamfuata mumewe ng'ambo. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, watu wakaanza kuvuka mpaka na magodoro kichwani, na simu ya Joan ikawa haipatikani. Wiki tatu. Mama aliacha kula chakula cha jioni. Mara mbili niliazima simu ya Anastazi nikaweka laini ile ya zamani, lakini mtu hawezi kukuachia simu yake ukae nayo kutwa nzima ukisubiri. Niliogopa, na nilijichukia kwa ujanja wangu.

Ndipo nikaenda Ngara mjini. Leonidasi alianza kunisifia simu za mkopo, eti natoa kidogo leo na nyingine nalipa nikivuna. Nikamwambia nimeshaumwa na nyoka huyo. Nilitaka simu ninayoilipia mara moja, inayokubali laini yoyote, na ambayo hakuna mtu aliyeketi ofisini atakayeifunga nikichelewa. Simu ya kitochi ingetosha, lakini mama alisema siku Joan akipatikana anataka kumwona na uso. Nami, nisijifiche, nilipenda kutembea na kioo kikubwa.

Pale mlimani Leonidasi akaichomeka laini ya zamani. Mtandao wa laini ile ulishika mlimani tu, kwa hiyo sote tulikodolea pembe ya kioo. Simu ikatetemeka mara nne mfululizo. Zilikuwa taarifa kwamba namba moja imekuwa ikitutafuta tangu alfajiri. Nikaipiga. Akapokea muuza mkaa wa karibu na kituo cha kupokea wakimbizi, akauliza kama mimi ndiye Celestini, kisha akamwita mtu. Nilipomsikia Joan akikohoa kabla hata hajasema neno, nilikaa chini.

Mama alininyang'anya simu, akaishika juu chini mpaka Anastazi akamgeuzia. Akamwambia Joan awaeleze wakubwa wa pale kuwa yeye ni mtoto wa Kanazi, watamwachia arudi nyumbani leo hii.

"Mama, nikisema hivyo nitatoka mimi peke yangu," Joan alijibu. "Niyomugabo na watoto watapanda basi la kambi ya Nduta kesho bila mimi. Siwezi."

Nilijua anachokitaka mama, maana hata mimi nilikitaka.

"Basi washike mkono, uende nao," akasema, akanirudishia simu.

Nilimlipa Leonidasi yote palepale, Anastazi akishuhudia. Akanywa pombe yake akaondoka, huku akicheka kwamba hajawahi kuuza simu kwa taabu namna ile.

Asubuhi nilikwenda kituoni peke yangu. Mama alikataa kuja, akasema akimwona Joan hatamwachia. Nilimkuta kwenye foleni, amekonda, mtoto mgongoni na mwingine akinisalimia shikamoo mjomba kwa sauti ya kujifunza. Nikampa simu, na laini ya zamani ikiwa ndani yake. Akaigeuzageuza, akaniuliza deni lake atalilipaje huko kambini.

"Haina deni," nikamwambia. "Ni yako. Weka laini yoyote utakayoipata, hakuna wa kuifunga."

Akaifunga kwenye pindo la kitenge. Jina la mumewe likasomwa, wakapanda, na nilisimama pale mpaka basi likapotea kwenye kona.

Nilifika nyumbani mchana. Mama hakuuliza simu iko wapi. Aliuliza kama Joan alikuwa na viatu.

"Sasa anavyo," nikamjibu.

Akaiangalia miguu yangu mitupu, kisha akaingia jikoni kunichemshia maji.