Aliyenitoa Motoni

Kazi yangu pale ukumbini ni kuuleta mtaa jukwaani: napita nyumba kwa nyumba, nasikiliza visa vya watu, vinageuzwa mchezo, kisha nawaita wenyewe waje kutusahihisha kabla hatujaonyesha. Mama anaiita umbea wa kulipwa.

Safari hii nilitafuta kisa cha moto ulioteketeza nyumba tuliyopanga nilipokuwa mchanga. Sifichi, nilikuwa na langu moyoni: nilitaka kumjua aliyenitoa, nimshukuru angali hai. Nikamuuliza fundi cherehani wa mtaani kwetu.

"Mimi hapa! Nilikubeba kwa mikono hii."

Nikamkumbatia, nikalia. Kesho yake naenda kusuka, msusi naye, wala sijamuuliza: "Mtoto wewe, unajua nani alikutoa motoni? Mimi!"

Makubwa haya! Moto mmoja, mtoto mmoja, waokoaji wawili. Nilichanganyikiwa mpaka nikatia chumvi kwenye chai. Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame; siku ya mazoezi nikawaita wote wawili, na Mama.

Mwigizaji akasimama jukwaani na mdoli mkononi. "Sasa mimi ni nani? Fundi au msusi?"

"Ni mimi," akasema fundi.

"Ebo! Wewe hata ulikuwa hujahamia mtaani," akadakia msusi.

"Na wewe ulikuwa umelazwa hospitali!"

Ghafla wote wawili wakamgeukia Mama. Nami nikamgeukia. Sikuelewa kitu.

"Msigombane," akasema Mama. "Niliwaomba mimi. Nilimwomba fundi, nikahofia atakataa, nikamwomba na msusi."

"Uliwaomba wanidanganye? Kwa nini, Mama?"

Akapanda jukwaani taratibu. "Mimi nilitoka na kaka yako. Wewe ulikuwa chumba cha ndani. Nilijua ukimkosa aliyekutoa, utaniuliza mimi nilikuwa wapi."

"Basi nani alinitoa?"

"Nilikukuta kando ya barabara, umefungwa shuka lililoloa. Sijui ni nani, mwanangu. Nilipotoka ndani sikugeuka nyuma."

Nilitaka kukasirika, hasira haikuja.

"Dada," mwigizaji akaninong'oneza, "sasa tunafanyaje?"

Kabla sijamjibu, Mama alimchukua mdoli kutoka mikononi mwa mwigizaji, akampakata vizuri, akashuka naye ngazi, akatoka naye nje. Nikabaki nimesimama, sijui nimfuate au nimwache.