Kelele za Bunduki Ambayo Haijanunuliwa

Dwayne Rademaker alipokea barua ya kwanza ya kulalamikiwa kelele za bunduki yake miezi minne kabla hajawa na bunduki.

Barua ilitoka kwa kamati ya chama cha wenye nyumba cha Cedar Bend, mtaa wa nyumba arobaini na moja nje kidogo ya Kokomo, Indiana. Chama hicho ndicho kilichomlazimisha mtu wa namba sita apake rangi upya sanduku lake la barua, kwa kuwa weupe wake haukuwa ule weupe uliokubaliwa, kwa hiyo barua zake hazikuwa za kuchezewa. Hii ilisema kwamba mkazi mmoja, ambaye jina lake linahifadhiwa, amesumbuliwa na kelele za bunduki ya upepo katika nyumba namba kumi na nne, siku ya Jumanne, saa moja na dakika kumi asubuhi. Yakifika malalamiko matatu, kamati itakaa kuamua kama mchezo wa kulenga shabaha upigwe marufuku kwenye kiwanja hicho, milele.

Mtu mwingine angeandika mstari mmoja tu kwamba hana bunduki, kisha akaendelea na chai yake. Dwayne hakuwa mtu mwingine. Aliisoma barua mara mbili akiwa amesimama jikoni, akaingiwa na wasiwasi wa kweli.

"Marcia, umeiona hii?" alimuuliza mkewe. "Kama watu wanalalamika sasa hivi, sijanunua hata kijirisasi kimoja, nikinunua itakuwaje?"

Marcia alikuwa akipaka mkate siagi. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyohitaji.

"Kwa hiyo utafanyaje?"

"Nitafanyaje tena? Natafuta iliyo kimya zaidi."

Marcia aliweka kisu chini, akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Wakati huo Dwayne alikuwa na mwaka mzima tangu aanze kuchagua. Alikuwa amestaafu kiwandani, mahali alipokuwa akisimamia mashine ya kukandamiza milango ya magari, na kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kusikia sentensi nzima ya mtu kati ya saa moja asubuhi na saa tisa alasiri. Siku alipoagwa kwa keki na saa ya ukutani, alimwambia Marcia kwamba anataka kitu kimoja tu duniani: kukaa nyuma ya nyumba yake na bunduki nzuri ya upepo, atoboe karatasi polepole, bila kusikia kitu na bila kusikiwa na mtu. Marcia aliona ni ombi dogo. Alidhani litachukua Jumamosi moja.

Lilianza na bunduki ya springi, ya kukunja mtutu, ya bei ya mtu wa kawaida. Dwayne aligundua kwamba springi hugonga ndani, na kishindo hicho huingia kwenye shavu la mpigaji. Akahamia kwenye zile za kujazwa hewa kwa mtungi, ambazo hazigongi. Huko akakuta kuna zenye kidhibiti cha kusawazisha hewa na zisizo nacho, kuna kitako cha mti wa jozi na cha plastiki, kuna mtutu mtupu na mtutu uliovikwa bomba la kumeza sauti. Alijaza daftari tatu. Na kwa kuwa sauti haiandikiki vizuri kwenye daftari, alikuwa akiitoa kwa mdomo, mezani, kijiko kikiwa mkononi.

"Ya Wajerumani inalia hivi: tap. Sikiliza, Marcia. Tap. Ya Waswidi ni fup. Umeisikia tofauti? Tap. Fup. Hebu funga macho. Fup."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumanne na siku nyingine zote.

Barua ya pili ilikuja mwezi wa tatu. Safari hii kelele zilisikika Jumapili, saa kumi na mbili na nusu jioni. Dwayne alikumbuka vizuri Jumapili hiyo, maana walikuwa wakila nyama ya kuoka na viazi, naye alikuwa akimweleza Marcia kwa nini anakaribia kuichagua ya Waswidi. Aliichukulia barua kama rehema. Aliifuta ya Waswidi kwenye daftari kwa mistari miwili, akaiandikia kamati kushukuru kwa taarifa na kuahidi kwamba ile bunduki haitaingia Cedar Bend kamwe.

Alipanda gari akaenda dukani kwa Curtis, kijana mwenye ndevu nyekundu aliyekuwa akiuza bunduki na chambo za samaki, ambaye kila Alhamisi akimwona Dwayne anaingia alikuwa akivuta kiti kabisa akakaa.

"Mzee Dwayne," Curtis alimwambia, "nakwambia kama ningekuwa namwambia baba yangu. Hizi nne za juu zote ni kimya. Mende akipiga chafya zitafunikwa. Funga macho, shika mojawapo, nenda nyumbani ukafurahi."

"Na nikikosea?"

"Hukosei. Ndiyo maana nasema funga macho."

Dwayne alicheka tu. Kuna jambo ambalo hakumwambia Curtis wala mtu mwingine, na naona lisemwe hapa maana yeye asingelisema. Aliiogopa siku ya kununua. Mwanamume aliyeishi miaka thelathini na moja ndani ya mashine anarudi nyumbani anamkuta mke wake mezani, na mke anamwangalia akisubiri mazungumzo. Dwayne alikuwa hana. Kisha bunduki ikaja ikamjaza maneno, na maneno hayo aliyashikilia kwa mikono miwili. Siku ikinunuliwa, atasema nini kesho yake asubuhi? Basi aliuliza kuhusu aina ya tano.

Barua ya tatu haikuwa barua bali wito. Kamati ingekaa Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa nyuma wa namba kumi na nne, ipime kelele zenyewe kwa kifaa na kupiga kura. Sasa hapakuwa na ujanja. Huwezi kujitetea kuhusu bunduki bila kuwa na bunduki. Dwayne alikwenda dukani akiwa amekunja uso kama anayekwenda kung'olewa kucha, akarudi na ya aina ya tano, nyeusi, nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kumiliki, pamoja na mtungi wa hewa kama wa mzamiaji. Akatengeneza sanduku la mbao, akalijaza pati, ule udongo laini wa mafundi bomba, ili vijirisasi vizame humo bila kishindo, maana alikuwa amesoma kwamba nusu ya kelele ni ya bunduki na nusu nyingine ni ya pale risasi inapotua. Kuhusu hiyo nusu nyingine Marcia alisimuliwa siku nne.

Jumamosi ilipofika majirani walikuja na viti vyao vya kukunja. Mwenyekiti alikuwa Phyllis Oberholtzer, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akitahini madereva wa jimbo zima na bado alikuwa akimtazama kila mtu kana kwamba ameegesha vibaya. Alikuwa na kifaa cha kupimia desibeli kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Marcia alipita akigawa kahawa na keki za limau.

"Ndege wako kwenye hamsini na mbili," Phyllis alitangaza. "Waandikeni ndege. Bwana Rademaker, anza."

Dwayne alilala juu ya mkeka, akalenga. Watu walinyamaza. Waliendelea kunyamaza. Mtu mmoja alikohoa.

"Tunakusubiri," alisema Phyllis.

"Nimeshapiga."

"Lini?"

"Mara tatu."

Walikwenda kwenye sanduku wakaziona tundu tatu kwenye karatasi. Phyllis alirudi akiwa amekasirika kidogo, akakisogeza kifaa hadi kikawa hatua moja kutoka mtutuni. Dwayne alipiga tena. Kifaa kiliruka, lakini kwa kuwa tumbo la mweka hazina liliunguruma wakati huo huo, ikabidi warudie, na waliporudia ikaonekana kwamba tumbo ndilo lililokuwa la juu.

"Mimi nimeisikia," alisema mzee Virgil Stamper wa namba tisa.

"Virgil, hujavaa hata vifaa vyako vya kukusaidia kusikia," mtu alimwambia.

"Ndiyo maana nashangaa."

Dwayne alikaa juu ya mkeka wake, furaha imempanda hadi masikioni. Alikuwa ameshinda. Phyllis alisafisha koo, akasema kwamba kwa mujibu wa kanuni mlalamikaji anayo haki ya kubaki amefichwa, lakini kama yupo hapa na ana la kuongeza, aseme sasa, maana kifaa hakimuungi mkono hata kidogo.

Marcia aliweka birika chini kwenye nyasi.

"Ni mimi," alisema.

Dwayne alidhani anajibu swali la kahawa. "Mimi nini?"

"Mlalamikaji, Dwayne. Barua zote tatu."

Hata ndege, Phyllis aliona, walishuka hadi arobaini na tisa.

"Bunduki haijanikosea kitu," Marcia aliendelea, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Ni nzuri, naiona. Kama angeinunua mwaka jana ningempikia keki. Mimi nimelalamikia kuchaguliwa kwake. Phyllis, usizime hicho kifaa. Dwayne, hebu waeleze kwa nini hukununua ile ya springi."

"Marcia, mbele za watu?"

"Waeleze tu. Wamekuja kwa ajili hiyo."

Dwayne alijua ni mtego, na bado aliingia na miguu yote miwili, maana hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo kwa hiari. Alisema springi ina matatizo mawili, akayataja, yakawa sita. Kifaa kilisoma hamsini na nane. Alipofika kwenye kidhibiti cha hewa kilisoma sitini na tatu. Alipotoa tap ya Wajerumani kilisoma sabini na moja, akainuka kutoka mkekani ili fup ipate nafasi. Watu wa namba ishirini na mbili walikunja viti vyao taratibu, wakaondoka kwa kunyata. Mweka hazina alilala. Dwayne alipomaliza, au tuseme alipovuta pumzi, zilikuwa zimepita dakika ishirini na sita, na Phyllis alikuwa amekishika kifaa kwa mikono miwili kama anayeogopa kitapasuka.

Kamati ilinong'ona kando ya ua. Kanuni za Cedar Bend hazikuwa na kifungu kuhusu mazungumzo, na Phyllis hakuwa mtu wa kutunga sheria mpya bila mkutano mkuu, kwa hiyo walitafuta kifungu cha karibu zaidi. Uamuzi ulisomwa hadharani. Bwana Rademaker anaruhusiwa kupiga shabaha saa yoyote apendayo. Kuizungumzia bunduki kutafuata masharti ya mashine za kukata nyasi: kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku za kazi na Jumamosi, na Jumapili hairuhusiwi kabisa. Kura zote zilikuwa za ndiyo, na ya Virgil ilihesabiwa ingawa aliuliza baadaye imekuwa kuhusu nini.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Dwayne aliamka mapema, akatoka nyuma, akapiga vijirisasi vitano kwa umbali wa yadi ishirini na tano. Vyote vitano vilipita katika tundu moja. Alisimama pale na karatasi mkononi, hakuna jani lililotikisika mtaa mzima, na furaha yake haikuwa na pa kwenda.

Aliingia jikoni. Marcia alikuwa mezani na kikombe chake. Dwayne aliweka karatasi karibu na sahani, akakaa. Alifungua mdomo, akatazama saa ya ukutani, akaufunga. Friji ilikuwa ikinguruma. Kitu alichokuwa akikiogopa kwa miezi kumi na sita kilikuwa kimefika, kimekaa naye mezani, na aliona mikono yake inatafuta daftari ambalo halikuwapo.

Marcia aliitazama karatasi. "Vitano?"

Dwayne aliitikia kwa kichwa.

"Safi sana," alisema, na alimaanisha. Kisha akanywa kahawa kidogo. "Mwezi wa pili niling'olewa jino."

"Jino gani?"

Marcia alivuta shavu kwa kidole, akafungua mdomo kuelekea dirishani. Dwayne alivaa miwani, akainama juu ya meza. Nyuma kabisa, upande wa kushoto, palikuwa na pengo, fizi yake imeshapona kitambo. Mwanamume huyu angeweza kukwambia upana wa tundu la kijirisasi hadi sehemu ya kumi ya milimita.

"Sikujua," alisema. "Hukuniambia."

"Nilikuambia usiku ule ule, pamba ikiwa mdomoni. Ukaniuliza pampu ya hewa ya daktari wa meno inapiga kelele kiasi gani."

Dwayne aliona aibu, na safari hii hakutafuta neno lolote la kuifukuza.

"Liliuma?"

"Siku tatu. Na nilijiendesha mwenyewe kwenda na kurudi."

Dwayne alivuta kiti chake, akazunguka meza, akaketi upande wa Marcia, mahali ambapo hakuwa amekaa tangu astaafu. Aliisukuma ile karatasi kando ili apate pa kuweka viwiko.

"Nieleze," alisema. "Anzia ulipotoka mlangoni."