Aliyezaliwa Februari Ishirini na Tisa

Profesa Pruitt anafundisha somo la Maandalizi ya Kazi na Kujifunza Maishani, na slaidi zake ni zilezile tangu nilipoajiriwa katika chuo hiki cha Duluth. Ya kwanza inasema: usitamke "sijui" mbele ya mwajiri. Mwanafunzi wake akiropoka neno hilo, anakatwa alama. Mimi nafundisha chumba cha pili, ukuta wenyewe mwembamba, kwa hiyo upuuzi wote huo naumeza nipende nisipende.

Kila Aprili wanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa mwisho huonyesha kazi zao kwa wageni. Safari hii alikuja Bi. Lahti wa kliniki moja ya mjini, akiwa na nafasi moja tu ya ajira. Ingrid Tollefson, mmoja wa wanafunzi hao, aliitaka kufa na kupona. Akiikosa, anarudi kwao Hibbing kuuza chakula cha mbwa dukani kwa baba yake wa kambo, na wawili hao hawapikiki chungu kimoja.

Akaanza Brantley, kipenzi cha Pruitt, tai shingoni, mdomo asali. Programu yake ya kupanga miadi ya wagonjwa ilikwenda kama maji.

"Hebu weka tarehe yangu ya kuzaliwa," akasema Bi. Lahti. "Februari ishirini na tisa."

Brantley akabonyeza. Skrini ikaendelea kumpangia miadi mgonjwa mwingine kabisa. Akaondoa mikono, ikaendelea tu.

"We kijana, hiyo si video?"

"Ni... ni onyesho lililoandaliwa, mama."

"Limeandaliwa kweli. Kaa chini baba, upumzike."

Nilicheka, wala sikujificha.

Ikaja zamu ya Ingrid. Programu yake, nayo ya miadi, ilikuwa na sura mbaya, lakini ilikuwa hai. Bi. Lahti akaandika tarehe ileile kwa mkono wake. Skrini ikajibu kwamba hakuna tarehe kama hiyo.

"Makubwa! Kumbe mimi sijazaliwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ingrid akaiva uso mpaka masikioni.

"Sijui kwa nini inakataa," akasema. "Naomba niangalie."

"Alama tano hizo!" Pruitt akanong'ona, kila mtu akasikia.

Ingrid hakumjali. Akafungua programu mbele yetu sote, akasoma, akasugua pua, akasoma tena.

"Ahaa. Nimeipa kila Februari siku ishirini na nane. Ujinga wangu huo."

Akarekebisha, na Bi. Lahti akazaliwa.

"Haya binti, unaanza kazi lini?"

Wiki iliyofuata nilisikia ukutani kwamba Pruitt ameongeza slaidi, ya kwanza tangu nimjue: Namna ya Kusema "Sijui" kwa Kujiamini. Akawaitikisha darasa zima kama watoto wa chekechea. Sijui! Sijui! Kisha ikaja sauti ya Brantley.

"Profesa, hii itatoka kwenye mtihani?"

"Itatoka."

Wote wakainamia kompyuta zao, wakaandika.